Tarehe Zinapopishana: Kumtafuta Babu Aliyehama Kutoka Uswisi

Ukikaa na karatasi za ukoo wa Waswisi waliohamia Amerika, jioni mbili hazipiti kabla tarehe hazijaanza kugombana. Jiwe la kaburi linasema hivi, sensa inasema vile, Biblia ya familia ina lake, na mtandaoni kuna binamu wa mbali aliyeweka mwaka usiofanana na wowote. Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: huchagua tarehe inayojirudia mara nyingi zaidi, au huchukua ya katikati. Njia zote mbili zinapoteza. Tarehe haipigiwi kura. Karatasi kumi zilizonakili kosa moja ni karatasi moja tu.

Mimi kila karatasi naichukulia kama shahidi aliyesimama mbele ya wazee. Nani alisema? Alijuaje? Alisema lini, miaka mingapi baada ya tukio? Na alikuwa na haja gani ya kusema hivyo? Ukiwahoji namna hiyo, mara nyingi utakuta hakuna aliyedanganya. Mmoja alitaja siku ya kuzaliwa, mwingine siku ya ubatizo. Mmoja alihesabu kwa kalenda ya kwao, mwingine kwa kalenda ya Waingereza. Na wakati mwingine walikuwa wanasema habari za watu wawili tofauti wenye jina moja.

Naandika haya kwa ajili ya ndugu waliooa au kuolewa katika koo hizi, huko Ohio, Wisconsin na kwingineko, ambao watoto wao wameanza kuuliza upande wa pili wa nasaba. Nitatumia babu mmoja wa mfano, niliyemtunga ili hesabu zionekane. Karatasi zake ni hizi:

- Jiwe la kaburi, Ohio: alifariki 6 Mei 1909, akiwa na miaka 73, miezi 2 na siku 28.
- Biblia ya familia, kwa mwandiko wa Kijerumani: 8.2.1836, na jina la kijiji, Langnau.
- Mti wa ukoo uliopigwa chapa na mjukuu: alizaliwa 2 Agosti 1836.
- Sensa ya 1870: miaka 34. Sensa ya 1900: alizaliwa Februari 1837, aliingia nchini 1857.
- Orodha ya abiria, New York, 22 Mei 1854: miaka 18.
- Hati ya uraia: Oktoba 1860.
- Mti wa mtandaoni: ubatizo wa mwaka 1834, jina lile lile, wazazi wale wale.

Miaka mitatu ya kuzaliwa, na miwili ya kuingia Amerika.

Hatua ya 1: Nakili kila tarehe kama ilivyoandikwa

Chukua daftari au jedwali la kompyuta. Safu ya kwanza iwe ya maandishi yenyewe, herufi kwa herufi, bila kutafsiri wala kunyoosha. Kama imeandikwa 8.2.1836, andika 8.2.1836. Safu ya pili: karatasi iliandikwa lini. Ya tatu: nani alitoa habari hiyo. Tafsiri yako iende safu ya nne, mbali na maandishi, ili siku ukigundua umekosea ujue pa kurudi.

Hapo hapo mmoja wa mashahidi wetu anaanguka. Mswisi huandika siku kwanza, kisha mwezi, kama tunavyoandika sisi. Mmarekani hutanguliza mwezi. Mjukuu aliyezaliwa Ohio alipofungua Biblia na kuona 8.2.1836 alisoma mwezi wa nane, siku ya pili, akapiga chapa 2 Agosti. Mti wake wa ukoo si shahidi wa pili. Ni mtoto wa ile Biblia, tena aliyesikia vibaya. Kila tarehe ambayo siku na mwezi wake vyote havizidi 12 ijaribu namna hii kabla ya kuiamini.

Angalia pia kwamba karatasi moja inaweza kubeba mashahidi wawili wasiolingana uzito. Cheti cha kifo ni shahidi mzuri wa siku ya kufa, maana kiliandikwa siku hizo hizo na watu waliokuwepo. Lakini tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye cheti hicho hicho ilitolewa na mwana, mkwe au jirani ambaye hakuwepo babu alipozaliwa. Usikihukumu cheti kizima kwa pamoja.

Hatua ya 2: Tafuta kwao kabla ya kutafuta tarehe

Hapa ndipo watafutaji wengi wa koo za Uswisi wanapokwama, na sababu ni neno moja: Heimatort, au Bürgerort, yaani mahali pa asili. Uraia wa Mswisi unatokana na kijiji au mji wa asili. Uasili huo hurithiwa, na kwa karne nyingi ulirithiwa kwa baba, hata kama familia ilishahama vizazi vitatu nyuma. Mwanamke alipoolewa alichukua uasili wa mumewe. Mpaka leo pasipoti ya Uswisi hutaja mahali pa asili, haitaji mahali pa kuzaliwa. Sisi tunalielewa hili upesi: mtu amezaliwa Dar es Salaam, ukimuuliza kwao ni wapi anakujibu Kilosa, na hajakudanganya.

Kwa hiyo babu akiandika Langnau kwenye Biblia, au karani wa Marekani akiandika kwamba alizaliwa Langnau, huenda maana yake ni kwamba uasili wake ni Langnau. Mama yake anaweza kuwa alijifungulia Sumiswald, na mtoto akabatizwa huko. Wachungaji walipelekeana habari: ubatizo, ndoa na vifo vilivyotokea ugenini viliandikwa tena kwenye madaftari ya kijiji cha asili. Ndiyo maana tukio moja linaweza kuwa na maandishi mawili, na nakala ya nyumbani ikabeba tarehe pungufu, au hata siku ambayo mchungaji wa nyumbani alipokea habari.

Uasili ukiwa haujulikani, anza na jina la ukoo. Ipo orodha ya majina ya koo za Uswisi inayoonyesha kila ukoo uliokuwa na uraia mwaka 1962, katika kijiji gani, na tangu lini. Inasomeka bure mtandaoni kwenye tovuti ya Kamusi ya Kihistoria ya Uswisi. Jina likiwa la vijiji vitatu tu, kazi yako imepungua sana. Likiwa la vijiji arobaini, rudi kwenye karatasi za Amerika: daftari za kanisa la wahamiaji, tanzia za magazeti ya Kijerumani, mawe ya makaburi. Wahamiaji wenyewe walikitaja kijiji chao mara nyingi kuliko makarani walivyokitaja.

Hatua ya 3: Lifungue daftari lenyewe

Usikubali faharasa. Faharasa ni msomaji mwingine aliyesoma kwa haraka kabla yako.

Usajili wa kiserikali kwa nchi nzima ulianza 1 Januari 1876. Kabla ya hapo, katika sehemu kubwa ya nchi utategemea madaftari ya makanisa. Zürich walianza kuyaandika miaka ya 1520, na Bern waliyaagiza baada ya kuingia katika Matengenezo mwaka 1528. Kwa Wakatoliki agizo la jumla lilitoka kwenye Mtaguso wa Trento mwaka 1563, ingawa parokia nyingi zilichelewa. Hifadhi ya nyaraka ya kantoni (yaani jimbo) ya Bern imeweka picha za madaftari yake ya kanisa mtandaoni bure, na kwa kantoni nyingine mengi yanapatikana kupitia tovuti ya nasaba ya FamilySearch au hifadhi ya kantoni husika.

Ukishafika kwenye ukurasa, soma kichwa cha safu kwanza. Madaftari ya zamani mengi yana siku ya ubatizo peke yake. Baadaye safu zikawa mbili, ya kuzaliwa na ya kubatizwa. Mtoto alibatizwa siku chache baada ya kuzaliwa, na kwa Wakatoliki mara nyingi siku ile ile au ya pili, kwa kuhofia asife kabla. Tofauti ya siku mbili hadi wiki mbili kati ya Biblia na daftari la kanisa si mgogoro. Ni matukio mawili. Vivyo hivyo kifo na maziko, na vivyo hivyo ndoa. Matangazo ya ndoa yalisomwa kanisani kwa Jumapili kadhaa, na kuna daftari lililoandika siku ya tangazo na lingine lililoandika siku ya arusi yenyewe.

Kisha soma walio juu na chini ya mtu wako. Daftari huenda kwa mpangilio wa siku. Kama mtoto aliyetangulia amebatizwa tarehe 11 na anayefuata tarehe 21, basi tarehe unayoisoma kama 4 haiwezi kuwa 4. Ni 14, na tone la wino limekula tarakimu ya kwanza. Hila hii ndogo imetatua mambo mengi kuliko kitabu chochote cha kusomea mwandiko. Tarakimu zinazosumbua zaidi ni 1 na 7, 3 na 5, 0 na 6.

Jaribu na siku ya juma. Wareformati, yaani Waprotestanti wa Uswisi, walibatiza zaidi Jumapili, wakati wa ibada, ingawa siku nyingine za mahubiri zilitumika pia. Babu yetu wa mfano, kwenye daftari la Sumiswald, amezaliwa 8 Februari 1836 na kubatizwa 14 Februari. Kalenda ya mwaka huo inaonyesha tarehe 14 Februari ilikuwa Jumapili. Na kwenye daftari la uasili la Langnau ipo tarehe 14 Februari peke yake, bila neno la kuzaliwa. Mtu aliyeishia Langnau angeapa kwamba Biblia ya familia imekosea kwa siku sita.

Majina ya miezi nayo yana mitego. Makasisi na wachungaji walipenda kuandika 7bris, 8bris, 9bris na 10bris. Hizo ni Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba, kwa sababu majina hayo ya Kilatini yana maana ya saba, nane, tisa na kumi, yakihesabiwa kuanzia Machi. Mwenyeji wa Pwani halitamshangaza hili: Mfungo Sita ni mwezi wa tatu wa mwaka wa Kiislamu, ila unahesabiwa tangu Mfungo Mosi baada ya Ramadhani. Waswisi wa Kijerumani walikuwa pia na majina yao ya nyumbani: Jenner ni Januari, Hornung ni Februari, Brachmonat ni Juni, Heumonat ni Julai, Herbstmonat ni Septemba, Weinmonat ni Oktoba, Wintermonat ni Novemba na Christmonat ni Desemba. Anayeona Wintermonat na kuandika Januari kwa kuwa ni baridi amekosea kwa miezi miwili. Na Jenner, likifupishwa kwa mwandiko mbaya, hufanana sana na Juni.

Hatua ya 4: Hakikisha ni mtu mmoja

Turudi kwenye ule ubatizo wa 1834. Jina ni lile lile, baba yule yule, mama yule yule, na daftari ni la kweli kabisa. Binamu wa mtandaoni hakubuni kitu. Alichosahau ni kuendelea kusoma.

Familia za Uswisi zilikuwa na desturi ya kulirudisha jina la mtoto aliyefariki kwa mtoto aliyemfuata. Vifo vya watoto vilikuwa vingi, na jina la babu halikuachwa lipotee. Ukikuta watoto wawili wa wazazi wale wale wenye jina moja, nenda moja kwa moja kwenye daftari la vifo la miaka iliyo katikati. Mara nyingi pia utaona msalaba mdogo kando ya ubatizo wa kwanza: mchungaji aliuweka mtoto alipokufa. Kwa babu yetu, yule wa 1834 amezikwa mwaka 1835. Hakuvuka bahari mtoto huyo, naye anastahili kubaki mahali pake katika mti wa ukoo kama kaka aliyetangulia, asifutwe.

Kinyume chake pia hutokea, yaani wazazi wawili tofauti wenye majina yanayofanana katika kijiji kimoja. Emmental, bonde la Bern lenye Langnau na Sumiswald, imejaa akina Hans na Christen wa ukoo mmoja, wenye wake wanaoitwa Anna na Barbara. Hapo nakuomba usiwaruke wasimamizi wa ubatizo. Bern ilikuwa na utaratibu: mtoto wa kiume alisimamiwa na wanaume wawili na mwanamke mmoja, wa kike na wanawake wawili na mwanamume mmoja. Wasimamizi walikuwa wajomba, shangazi na majirani, na wanajirudia kwa watoto wa nyumba moja. Ukiona nyumba mbili za jina moja zina wasimamizi wa makundi mawili tofauti, umezitenganisha. Na ukiona mama mmoja amejifungua watoto wawili kwa miezi mitano, ujue ni mama wawili.

Jambo moja lisikupotoshe: mtoto wa kwanza aliyezaliwa miezi minne baada ya arusi. Usiihame tarehe ya arusi ili kumsitiri mtu. Katika vijiji vya Uswisi bibi arusi mjamzito lilikuwa jambo la kawaida, na tarehe zote mbili zinaweza kuwa sahihi.

Hatua ya 5: Umri ugeuze uwe kipindi

Umri si tarehe. Sensa ya Marekani ya 1870 iliuliza umri kufikia 1 Juni. Mtu wa miaka 34 siku hiyo alizaliwa kati ya 2 Juni 1835 na 1 Juni 1836. Andika kipindi hicho chote, usiandike "1836" kwa kutoa tu. Orodha ya meli ya 22 Mei 1854 inasema miaka 18: kati ya 23 Mei 1835 na 22 Mei 1836. Viweke vipindi hivyo viwili pamoja na uone kinachobaki. Februari 1836 imo ndani. Agosti 1836 imetoka nje. Mwaka 1834 umetoka nje. Februari 1837 imetoka nje. Umri wa kukadiria, ambao peke yake ni shahidi dhaifu, umekufanyia kazi kubwa kwa kuzuia tu.

Siku ya hesabu hubadilika kati ya sensa na sensa: 1 Juni mwaka 1900, 15 Aprili mwaka 1910, 1 Januari mwaka 1920. Anayesahau hilo hupata mwaka mmoja wa ziada na kudhani karani amekosea. Sensa ya 1900 inapendwa sana kwa kuwa inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, lakini haituambii nani alikuwa mlangoni siku ile. Anaweza kuwa mke, mkaza mwana au jirani. Mwezi sahihi na mwaka uliopungua au kuzidi kwa mmoja ni kosa la kawaida kabisa humo.

Sasa jiwe la kaburi: miaka 73, miezi 2, siku 28. Hesabu kurudi nyuma kutoka 6 Mei 1909. Ukianza na miaka unapata 6 Mei 1836, kisha miezi unapata 6 Machi, kisha siku 28. Mwaka 1836 ulikuwa mwaka mrefu, Februari ilikuwa na siku 29, kwa hiyo unaangukia 7 Februari. Lakini ukianza na siku, 6 Mei kutoa 28 ni 8 Aprili, toa miezi miwili ni 8 Februari, toa miaka ni 8 Februari 1836. Hesabu mbili halali, majibu mawili. Jiwe na daftari hazikuwa zinagombana hata kidogo. Aliyechonga alihesabu kwa njia ya pili. Kila unapotoa tarehe kwenye jiwe la namna hii, acha nafasi ya siku moja au mbili.

Halafu lile swali la haja. Kijana aliyetaka kuingia vitani wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani aliweza kujiongezea mwaka afike 18. Mkongwe wa vita hiyo hiyo, baada ya sheria ya Februari 1907 iliyotoa pensheni kwa kigezo cha umri kuanzia miaka 62, alikuwa na sababu ya kuuthibitisha umri wake, na faili za pensheni ni mahali pazuri pa kukuta hati ya ubatizo iliyoombwa kutoka kwa mchungaji wa Uswisi. Shahidi mwenye haja si lazima awe mwongo, ila mtafutie mwenzake.

Kipimo kingine kizuri ni kipaimara. Katika makanisa ya Kireformati vijana walipokelewa mezani pa Bwana karibu na Pasaka, wakiwa na umri wa miaka 15 au 16 hivi. Orodha za kipaimara zipo kwenye madaftari, na aliyepokelewa Pasaka ya 1852 hawezi kuwa amezaliwa 1840.

Hatua ya 6: Uliza ni kalenda gani

Kwa waliohama karne ya 19 unaweza kuipita hatua hii, isipokuwa ukoo ukitoka kantoni ya Graubünden, Geneva au Jura ya Bern. Kwa waliohama kabla ya 1752, hapa ndipo penye kiini.

Kalenda ya Gregori, hii tunayoitumia leo, ilitangazwa Roma mwaka 1582. Kantoni nyingi za Kikatoliki, kama Luzern, Uri, Schwyz na Zug, ziliifuata mwaka 1584, na 11 Januari ikafuatwa na 22 Januari. Waprotestanti walikataa. Kwa zaidi ya karne nzima Luzern na Bern, majirani wanaopakana, walipishana kwa siku 10. Valais walihama mwaka 1655. Zürich, Bern, Basel na Schaffhausen walisubiri mpaka 31 Desemba 1700, kesho yake ikaitwa 12 Januari 1701. Hii ina maana kwamba katika kantoni hizo hakuna siku kama 5 Januari 1701. Ukiiona kwenye mti wa mtu, kuna aliyekosea kusoma. Waprotestanti wa Glarus na Appenzell walichelewa zaidi, na Graubünden kila jumuiya iliamua yenyewe, mpaka za mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1810.

Upande wa pili wa bahari, Uingereza na makoloni yake walishika kalenda ya Juliasi, ile ya zamani, hadi 2 Septemba 1752, kisha wakaruka hadi 14 Septemba. Na kisheria mwaka wao ulianza 25 Machi. Fikiria basi Wamennonaiti wa Bern waliofika Pennsylvania kuanzia 1710, au waliokwenda New Bern, Carolina Kaskazini, mji ulioanzishwa mwaka huo huo na Christoph von Graffenried wa Bern. Siku iliyoitwa 20 Machi 1735 kijijini Bern, kwa karani wa Philadelphia ilikuwa 9 Machi, na mwaka ungeandikwa 1734, au 1734/35. Siku moja, tofauti ya siku 11 na mwaka mzima kwenye karatasi. Watu wamemgawa babu mmoja kuwa wawili kwa sababu hiyo.

Ila usigeuze kila kitu kwa pupa. Mchungaji wa Kijerumani huko Pennsylvania aliweza kuendelea na kalenda ya kwao ndani ya daftari lake, wakati viapo vya utii vilivyoandikwa bandarini Philadelphia tangu 1727 vilifuata utaratibu wa Waingereza. Tazama siku ya juma ikiwa imetajwa. Inakuambia ni kalenda gani mwandishi aliitumia. Ukishageuza, andika tarehe zote mbili na utaje ipi ni ya zamani.

Geneva na Jura ya Bern zina lao: Ufaransa ilizitwaa, Jura sehemu kwa sehemu kuanzia mwaka 1793 na Geneva mwaka 1798, na kalenda ya Mapinduzi ikatumika hadi 31 Desemba 1805. 18 Brumaire mwaka wa VIII ni 9 Novemba 1799. Usihesabu kichwani, kwa kuwa mwaka wao haukuanza siku ile ile kila mara, tumia jedwali.

Hatua ya 7: "Alihamia lini" ni maswali matano

Kuna siku kijiji kilipomwandikia hati, siku aliyoaga, siku aliyopanda meli, siku aliyoshuka, na siku aliyofika mahali ambapo wajukuu wanapaita nyumbani. Kundi la Waglarus lililoanzisha New Glarus, Wisconsin, liliondoka kwao Aprili 1845 na kufika Agosti. Waswisi wapatao 2,000 waliokwenda Nova Friburgo, Brazili, waliondoka Julai 1819, wakakwama Uholanzi, wengi wakafa njiani, na waliofika walifika kati ya mwisho wa 1819 na mwanzo wa 1820. Mjukuu anayesema 1819 na mwenzake anayesema 1820 wote wana haki.

Babu yetu ana orodha ya meli ya 1854, na sensa inayosema 1857. Hapa hati ya uraia inaingia kati. Sheria ilidai miaka mitano ya kukaa nchini, na yeye aliapishwa Oktoba 1860, kwa hiyo alikuwa Amerika kufikia Oktoba 1855. Mwaka 1857 hauwezi kuwa wa kuingia nchini. Lakini usiutupe: mtu hukumbuka mwaka fulani kwa sababu kuna jambo lililotokea. Jambo la kwanza la kuchunguza ni kama 1857 ndio mwaka aliofika Ohio.

Hati za uraia za kabla ya Septemba 1906 mara nyingi hazina tarehe ya kuzaliwa wala jina la meli. Za baada ya hapo zinavyo, na inafaa kuzilipia.

Hatua ya 8: Amua, uandike sababu, usifute kitu

Katika mti wako, babu sasa ameandikwa: alizaliwa 8 Februari 1836, Sumiswald, Bern, alibatizwa 14 Februari 1836, uasili Langnau. Chini yake weka aya fupi inayosema kwa nini: daftari la Sumiswald liliandikwa siku hizo hizo, Biblia inakubaliana nalo, umri wa 1854 na 1870 unaingia ndani yake, jiwe la kaburi likihesabiwa kwa siku kwanza linatoa siku ile ile. Kisha zitaje zilizokataliwa na sababu zake: 2 Agosti ni usomaji wa kigeni wa 8.2, mwaka 1834 ni kaka aliyefariki, 1837 ni kauli ya mtu asiyejulikana miaka 64 baadaye. Usipoandika hivyo, miaka kumi ijayo mpwa wako atauona ule ubatizo wa 1834, atashangilia, na kazi itaanza upya.

Pale ambapo ushahidi hautoshi, andika "kabla ya", "baada ya" au "kati ya". Kwa kuingia Amerika naandika: 22 Mei 1854 kwa mujibu wa orodha ya meli, na kwa vyovyote kabla ya Oktoba 1855. Kati ya 1854 na 1857 kuna pengo la miaka mitatu lisilo na anwani. Jimbo la New York lilifanya sensa yake lenyewe mwaka 1855, na iliuliza kila mtu amekaa mji ule miaka mingapi. Ukurasa unaofuata wa kufungua ni huo.